Maswali ya Wasomaji: Kifurushi Kilichonyamaza Kimekamilika au Kimetelekezwa?

SWALI: Ndugu Mshauri, nafanya kazi katika kitengo cha teknolojia cha taasisi moja ya mikopo hapa Morogoro. Programu yetu ya hesabu za wateja imejengwa juu ya vifurushi huria vipatavyo 140, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine na kuachwa wazi kwa yeyote kuvitumia, ambavyo vingi sikuvichagua mimi bali vilivutwa na vifurushi vingine. Mkuu wangu ameniagiza nimpelekee orodha inayoonyesha ni vipi vinatunzwa na ni vipi vimeachwa. Nimeangalia tarehe ya badiliko la mwisho, idadi ya nyota ambazo watu wamekipa kifurushi na idadi ya upakuaji, kisha nikavipa rangi: kijani kwa kilichobadilishwa ndani ya miezi 6, nyekundu kwa kilichopitisha mwaka bila kuguswa. Karibu nusu ya orodha imekuwa nyekundu, vikiwemo vifurushi ambavyo havijatusumbua hata mara moja tangu niajiriwe. Je, kipimo changu kina kasoro, au kweli tumekalia kaa la moto? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji wa Morogoro, kipimo chako kina kasoro, na kasoro yenyewe haimo katika hesabu bali katika kile unachokihesabu. Tarehe ya badiliko la mwisho inakueleza kwamba siku fulani mtu aligusa msimbo. Haikuelezi kama siku hiyo palikuwa na haja ya kuugusa, wala kama katika siku nyingine, ambazo haja ilikuwepo, kuna mtu aliyeitika. Huwezi kujua kama fundi wa pampu ya kijiji yupo kazini kwa kuhesabu mara alizoifungua pampu. Utajua kwa kuhesabu siku zinazopita kati ya pampu kuharibika na maji kutoka tena. Vivyo hivyo, kwa kifurushi cha programu, kinachostahili kupimwa ni mwitiko wa watunzaji kwa mambo yanayowafikia, yaani ripoti za kasoro, marekebisho yanayotumwa na watu wa nje, taarifa za udhaifu wa kiusalama, na mabadiliko ya lugha au mfumo ambao kifurushi kimejengwa juu yake.

Chukua mfano wa TeX, programu ya kupanga kurasa aliyoiandika Donald Knuth, ambayo vitabu vingi vya hisabati duniani bado hupangwa kwayo. Knuth aliamua kwamba haitaongezewa mambo mapya, na kwamba kila anaposahihisha kasoro namba ya toleo itaongezwa tarakimu moja kuikaribia thamani ya pai. Toleo la 2014 lilikuwa 3.14159265, na lililofuata, la mwaka 2021, likawa 3.141592653. Kati ya hayo mawili ilipita miaka 7. Kwa kanuni yako ya rangi TeX ingekuwa nyekundu kwa miaka 6 mfululizo, ilhali ni vigumu kutaja programu ambayo mwandishi wake ameichunguza kwa makini kuliko hiyo. Mfano mwingine ulio karibu na kazi yako ni Moment, kifurushi cha tarehe kwa lugha ya programu ya JavaScript. Mwezi wa Septemba 2020 watunzaji wake walitangaza wenyewe kwamba wanakichukulia kuwa kazi iliyokwisha, kwamba hawataongeza jambo jipya, na wakavitaja vifurushi vingine ambavyo mtumiaji mpya anaweza kuviendea. Ukimya wa namna hiyo si utelekezaji, kwa sababu mwenyewe ameueleza, na aliyesoma maelezo yale anajua afanye nini.

Kuhusu nyota na upakuaji, nakushauri uvitoe kabisa katika jedwali la utunzaji. Nyota ni alama ya mtu aliyependezwa siku moja, huenda miaka minane iliyopita, na hakuna anayerudi kuiondoa. Upakuaji unapima ni wangapi wanakitegemea kifurushi, na mara nyingi wanaopakua ni mashine zinazojenga programu upya kila saa. Mwezi wa Machi 2016 mwandishi wa left-pad, kifurushi cha mistari 11 tu ya msimbo kinachoongeza nafasi mwanzoni mwa neno, alikiondoa kwenye npm, rejesta ambako vifurushi vya JavaScript hupakuliwa, kutokana na mgogoro kuhusu jina la kifurushi chake kingine, na ndani ya saa chache ujenzi wa programu nyingi, zikiwemo zilizotegemea Babel, chombo cha kugeuza msimbo wa JavaScript, ukasimama hadi rejesta ilipokirudisha. Namba ya upakuaji ingekuonya kuwa kitu hicho kikiondoka wengi wataumia, na hilo nalo ni jambo la maana kulijua, lakini liweke katika safu yake ya utegemezi, lisichanganywe na utunzaji.

Sasa upande wa pili, ambao naona unahatarisha zaidi kwa sababu huja umevaa kijani. Hazina nyingi za msimbo, yaani mahali msimbo wa mradi unapohifadhiwa, siku hizi zina roboti zinazopandisha namba za vifurushi tegemezi kila wiki, na kila zifanyapo hivyo tarehe ya badiliko la mwisho inasogea mbele ingawa hakuna binadamu aliyefungua faili hata moja. Ziko pia roboti zinazofunga ripoti za kasoro zilizokaa muda fulani bila mtu kuzungumza, nazo huifanya idadi ya ripoti zilizofungwa ipendeze huku kasoro zenyewe zikibaki palepale. Kabla ya kuhesabu chochote, ondoa akaunti za roboti. Hatua hiyo peke yake itabadilisha rangi za vifurushi kadhaa katika orodha yako.

Lakini hata shughuli za binadamu zaweza kukudanganya, na tukio la XZ Utils linapaswa kusomwa na kila anayeandaa orodha kama yako. XZ ni programu ya kubana faili, na maktaba yake, liblzma, imo katika mifumo mingi sana ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kutuma marekebisho. Mwaka 2022 wakajitokeza watu wasiojulikana kumlalamikia mtunzaji kwamba mradi unakwenda polepole mno na kwamba anapaswa kumpa mwingine nafasi. Jia Tan akawa mtunzaji mwenza, na ukiutazama mradi katika kipindi kile kwa kipimo cha shughuli, ulikuwa umefufuka: mabadiliko mengi, majibu ya haraka, matoleo mapya. Mwezi wa Februari na Machi 2024 yakatolewa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri uliolenga huduma ya SSH, inayotumika kuingia kwenye mashine kutoka mbali. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kuona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akauweka hadharani. Nakuomba uzingatie mambo mawili hapo. Kwanza, lawama ya kwamba mradi umelala ilitumika kumshinikiza mtu aliyechoka, kwa hiyo sisi tunaotengeneza vipimo vya utunzaji tuna wajibu wa kuangalia vinamwelemea nani. Pili, sehemu mojawapo ya msimbo ule mbaya haikuwemo kabisa katika hazina ya wazi. Ilikuwa ndani ya faili la toleo lililobanwa tu. Anayepima hazina bila kutazama kifurushi chenyewe kinachosambazwa anapima kitu kingine.

Basi upime nini? Anza na muda wa jibu la kwanza. Kwa kila ripoti iliyofunguliwa katika miezi 12 iliyopita, hesabu siku hadi mtunzaji, si roboti wala mpita njia, alipoandika jambo la maana. Tumia wastani wa katikati, yaani panga namba zote kwa ukubwa uchukue ya katikati, kwa sababu wastani wa kujumlisha na kugawanya huvurugwa na ripoti moja iliyosahaulika. Tuseme ripoti 9 zilijibiwa kwa siku 2 kila moja na ya kumi kwa siku 300: wastani wa kawaida ni siku 31.8, ilhali wa katikati ni siku 2, na huo wa pili ndio unaofanana na yale yatakayokupata ukiandika ripoti kesho.

Hapa pana mtego ambao nimeuona katika majedwali mengi, tena ya watu wenye ujuzi. Wengi huhesabu zile zilizojibiwa peke yake. Kifurushi kilichojibu ripoti 5 ndani ya siku moja na kuziacha 40 bila neno kitaonekana kuwa cha haraka kuliko vyote katika orodha, na kadiri kinavyozidi kutelekezwa ndivyo namba yake inavyobaki nzuri, kwa kuwa kisichojibiwa hakiingii hesabuni. Zilizosubiri bila jibu lazima ziingizwe, kila moja kwa umri wake hadi leo, ukijua kwamba umri huo ni wa chini kabisa na bado unaendelea kukua. Katika mfano huu, namba ya katikati itaangukia miongoni mwa zile 40, na ukweli utajitokeza wenyewe.

Cha pili ni pengo kati ya hazina na toleo. Mara nyingi sahihisho huwa limeshaandikwa na kukubaliwa, lakini halijatolewa katika rejesta, iwe npm, PyPI ya Python au Maven ya Java, na kwako wewe unayepakua kutoka huko sahihisho hilo halipo. Linganisha tarehe ya toleo la mwisho na mabadiliko yaliyofuata baada yake. Ukikuta masahihisho ya kasoro yamesubiri mwaka mzima, huenda aliyebaki mradini ana ruhusa ya kuandika msimbo lakini hana ufunguo wa kutoa toleo. Hali hiyo ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa, hasa pale mwanzilishi alipoondoka kimyakimya.

Cha tatu ni idadi ya mikono. Mradi wa CHAOSS, ulioanzishwa chini ya Linux Foundation mwaka 2017 ili kuweka vipimo vya pamoja vya afya ya miradi huria, una kipimo kinachouliza ni watu wangapi, kwa uchache, wanaobeba nusu ya kazi yote. Watafiti wa Brazili waliochunguza miradi 133 maarufu ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, mwaka 2016 walikuta kwamba katika asilimia 65 ya miradi hiyo, wakiondoka watu wawili au hata mmoja tu, mradi unakwama. Kwa hiyo usishtuke ukikuta namba 1 katika safu nzima, wala usiifanye kuwa sababu ya kumhukumu mtunzaji. Itumie kujua ni wapi taasisi yako inapaswa kusaidia au kujiandaa. OpenSSL, ambayo ililinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, ilikuwa na mtu mmoja tu wa kudumu na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka hadi pale kasoro ya Heartbleed ilipofichuliwa mwezi wa Aprili 2014, baada ya kukaa katika matoleo yake kwa miaka 2. Watu wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wachache, na sisi sote tuliotumia kazi yao bila kuuliza wangapi wanaifanya tunahusika.

Cha nne, ambacho kwa taasisi inayoshika fedha za watu ningekiweka juu ya vyote, ni historia ya udhaifu wa kiusalama. Tafuta kila udhaifu uliowahi kutangazwa kuhusu kifurushi hicho, kisha uangalie siku zilizopita kati ya kutangazwa kwake na toleo lenye sahihisho. Kifurushi ambacho hakijawahi kutangaziwa udhaifu hakina namba hapa, na ni haki kuacha nafasi wazi kuliko kuandika sifuri ambayo mkuu wako ataisoma kama alama nzuri.

Ukitaka chombo kilichokwisha tengenezwa, kipo Scorecard cha OpenSSF, jumuiya inayoshughulikia usalama wa programu huria, kilichotolewa mwaka 2020, ambacho hutoa alama kutoka 0 hadi 10 kwa mambo kadhaa, utunzaji ukiwa mmojawapo. Kwa utunzaji hutazama siku 90 zilizopita: mradi wenye badiliko angalau moja kwa wiki hupata alama za juu, wenye watunzaji wanaoshughulikia ripoti hupata sehemu ya alama, na uliowekwa rasmi kuwa kumbukumbu hupata sifuri. Ni chombo cha kweli na chenye manufaa, lakini sasa unaona kwamba dirisha la siku 90 lingeipa TeX alama mbaya. Pia vyombo vya aina hii husoma zaidi GitHub na GitLab, ilhali si kazi zote zinafanyika huko. SQLite, programu ya hifadhidata iliyomo ndani ya karibu kila simu tunayobeba, hutunzwa na kundi la watu watatu wanaotumia mfumo wao wenyewe uitwao Fossil, hawapokei msimbo kutoka nje kiholela, na wameahidi kuitegemeza hadi mwaka 2050. Nakala yake iliyo GitHub ni kioo tu, na kioo hakina ripoti za kujibiwa.

Kwa vifurushi 140 huwezi kufanya yote haya kwa mkono, wala haihitajiki. Tenga kwanza vile vinavyogusa fedha, nywila, mafaili yanayotoka nje na mawasiliano ya mtandao. Nadhani havitazidi 30. Hivyo visome kwa macho, ufungue ripoti zenyewe, uone watunzaji wanazungumza vipi na watu. Vilivyobaki vipitishe kwenye chombo na ukague vile tu vilivyopata alama ya chini. Ongeza safu moja inayowahusu ninyi: muda kati ya toleo mnalotumia na toleo jipya lililopo. Nina hakika katika safu hiyo kutakuwa na vifurushi vinavyotunzwa vizuri sana ambavyo ninyi ndio mmeacha kuvifuata.

SWALI: Mshauri, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mtunzaji wa kifurushi kidogo cha Python kinachogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili kwa ajili ya stakabadhi na hundi. Sijakibadilisha kwa miezi 14 kwa sababu kinafanya kazi, na Kiswahili cha kuhesabu hakijabadilika. Juzi nimeambiwa kampuni moja imekiacha kwa kuwa kikaguzi chao kilikiita “kisichotunzwa”. Rafiki ananishauri niwe nabadilisha neno moja kila wiki ili nionekane hai. Nifanye hivyo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Dada, tafadhali usifanye hivyo. Kila badiliko lisilo na haja humlazimisha anayekutegemea alipitie, na ukiwazoesha watumiaji kuona mabadiliko matupu kila wiki, siku utakapoweka sahihisho la kweli, au siku mtu mwingine atakapoweka jambo baya kwa jina lako, hakuna atakayelitazama.

Fanya yanayoonyesha kwamba upo. Andika katika ukurasa wa mwanzo wa hazina, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba kifurushi kimekamilika kwa kusudi lake, kwamba unapokea ripoti za kasoro na utazijibu ndani ya muda utakaoweza kuutimiza kweli, hata ukiwa ni mwezi mmoja, na kwamba anayegundua udhaifu akuandikie kwa njia gani. Python hutoa toleo jipya kila mwaka mwezi wa Oktoba. Weka majaribio yanayojiendesha yenyewe kila wiki, na toleo jipya likitoka, likaribishe katika majaribio hayo, utangaze kwamba kifurushi kimepita. Hilo ni badiliko lenye haja, nalo litakupa angalau toleo moja la halali kwa mwaka. Ripoti zikija, zijibu hata kama jibu ni kwamba hutaongeza jambo hilo, kwa maana jibu la hapana lililoandikwa ni utunzaji pia.

Kuhusu mtu wa pili wa kushika ufunguo, ambaye najua utashauriwa umtafute, mtafute bila haraka na umjue. Mwaka 2018 mwanzilishi wa event-stream, kifurushi kilichopakuliwa zaidi ya mara milioni moja kwa wiki na ambacho yeye mwenyewe hakuwa akikitumia tena, alimkabidhi mtu aliyejitolea kwa barua pepe. Mpokeaji yule aliingiza kifurushi kingine kilichokusudiwa kuiba fedha za kidijitali kutoka pochi ya Copay. Simlaumu aliyekabidhi, kwani alikuwa amebeba mzigo usiolipwa kwa miaka, lakini wewe unayo nafasi ya kuchagua mtu unayemfahamu kwa sura, kwa mfano mwenzako uliyefanya naye kazi. Na iwapo kampuni ile bado ina mlango wazi, waandikie kwa upole uwaulize ni kitu gani kifurushi kilishindwa kuwafanyia. Huenda wakagundua kwamba hawana jibu.

SWALI: Tumepima kwa njia zote na tumethibitisha kwamba kifurushi kimoja tunachokitegemea kimeachwa: ripoti hazijajibiwa kwa miaka 3, na barua pepe ya mwenyewe inarudi. Tufanye nini? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Debian, mradi unaosambaza mfumo wa Linux, ambao wamehudumia maelfu ya vifurushi tangu miaka ya 1990, huviita vya namna hiyo yatima, na wana orodha ya wazi ambamo mtunzaji anayechoka hukitangaza kifurushi chake ili mwingine akichukue. Angalieni kwanza kama kuna mtu aliyekwisha kukirithi chenu chini ya jina jingine. Tafuteni nakala zake zilizoendelezwa, mpime nazo zinajibu vipi. Kama hayupo na kifurushi ni kidogo, cha mistari mia moja au mia mbili, kinakilini ndani ya msimbo wenu na mkitunze wenyewe. Kama ni kikubwa na kinashughulika na usimbaji fiche au usomaji wa mafaili kutoka nje, hameni, hata kama itachukua miezi.

Kabla ya kunakili someni leseni yake. Leseni ya MIT itawataka mbakize tangazo la hakimiliki, na GPL ina masharti zaidi mkiisambaza programu yenu. Kisha andikeni juu ya faili namba ya toleo mliloanzia na tarehe, kwa sababu vikaguzi vya usalama hutambua vifurushi kwa majina yaliyomo katika rejesta, havitaitambua nakala iliyomo ndani ya msimbo wenu, na udhaifu ukitangazwa mwaka kesho kuhusu toleo lile, mstari huo mmoja ndio utakaomjulisha atakayekuwa kazini kwamba taarifa hiyo inawahusu.